Tulimuita Fundi Tofali, Mshkaji Akajitoa Kwenye Grupu

Wadau, Oktoba ikifika grupu letu lina kitu kinaitwa ripoti. Tuko watu kumi na wanne, wengi tulifahamiana viwanjani hapa Dar, na kumi kati yetu ni Lakers damu. Ligi ya NBA ikianza tu, timu haijamaliza hata mechi tano, mtu anakaa chini anaandika: nani anafaa, nani mzigo, kocha anajua kazi au anabahatisha, mwezi wa nne tutakuwa wapi. Kila mchezaji anapewa maksi kwa kumi. Kwa miaka mingi mwandishi wa ripoti nilikuwa mimi. Sio kwamba najua sana kikapu, hapana. Naamka mapema tu.

Msimu huu wakanitag kama kawaida, nikasema siandiki. Wakauliza kuna nini, mbona umekuwa mtakatifu. Nikawaambia nitaeleza siku moja, ila sio humo ndani. Sasa naeleza hapa, na majina siweki ya mtu yeyote wa kwetu, wenyewe mtajijua.

Turudi 2022.

Kama hukuwa shabiki wa Lakers kipindi kile, hujui tulikuwa tumechoka kiasi gani. Msimu wa nyuma yake tulishinda mechi 33, tukapoteza 49, na hata ile michezo ya mchujo ya kugombea nafasi ya mwisho hatukuiona. Timu yenye LeBron James na Anthony Davis! Kocha akafukuzwa, akaletwa Darvin Ham, ambaye ndio kwanza anakuwa kocha mkuu. Ila aliyebaki, na ambaye kila shabiki alikuwa amemkodolea macho, ni Russell Westbrook. Alikuja 2021 kutoka Washington, na ili aje tuliwatoa watu watatu, akiwemo Kentavious Caldwell-Pope, mlinzi mzuri na mshutaji wa uhakika. (Huyu Caldwell-Pope mkumbuke, atatokea tena huko mbele kutuumiza.) Mshahara wa Westbrook msimu ule ulikuwa dola milioni 47. Ukipokea hela hiyo kila mtu anakuwa bosi wako, mpaka jamaa wa Kigogo ambaye hajawahi kununua hata jezi orijino.

Kwa hiyo ilipofika tarehe 18 Oktoba, siku ya ufunguzi dhidi ya Golden State, sisi hatukuja kuangalia mpira. Tulikuja kukusanya ushahidi.

Kwetu ilikuwa Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Nakumbuka mwadhini anamaliza na mimi ndio natafuta linki isiyokatakata. Warriors wakavalishwa pete zao za ubingwa mbele ya macho yetu, halafu wakatupiga 123 kwa 109. Mitupo ya pointi tatu tulirusha 40, zikaingia 10. LeBron mwenyewe baada ya mechi alisema bila kuficha kwamba timu haijaundwa na washutaji. Mechi ya pili, Clippers, tukarusha 45, zikaingia 9. Na Westbrook? Alipiga mara kumi na moja kwenye kikapu, hakuna hata moja iliyoingia. Kumi na moja kwa sifuri, mtu wa milioni 47.

Marekani mpira uliogonga chuma ukarudi wanauita tofali, na jina lake lilikuwa limeshageuzwa huko kwa utani huo huo. Sisi tukalitafsiri tukaliboresha. Mimi ndiye niliyeandika, siwezi kumsingizia mtu: "Fundi Tofali kaingia saiti." Emoji za kucheka zilipanda mpaka mchana. Kuanzia siku ile hakuna aliyemuita Westbrook tena humo ndani. Alikuwa Fundi. Jengo limefika linta. Leo anapaua. Mtu akatengeneza stika, kofia ya njano ya ujenzi, unajua mambo ya vijana.

Kumi na watatu tulikuwa tunacheka. Mmoja hakuwa anacheka.

Huyu mshkaji nitamuita Mtetezi, maana ndivyo tulivyokuwa tunamuita. Anakaa Tabata, tulianza kujuana Upanga, kwenye viwanja vya Don Bosco, mimi nikiwa mtazamaji na yeye akicheza. Sio mchezaji wa maajabu. Ni yule mtu anayekimbia kuliko wote, anaruka kugombea mipira ambayo sio yake, anapoteza mipira miwili ya kijinga halafu ananyang'anya mitatu. Ukimuangalia unaelewa kwanini anampenda Westbrook. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, Russ anacheza kama mtu ambaye kodi inaisha kesho." Na alikuwa anatukumbusha kila mara kwamba jamaa ni mtoto wa Los Angeles, amekulia pale pale, amesoma UCLA, kwa hiyo wanaomzomea ni watu wa nyumbani kwao.

Mtetezi hakuwa mjinga wa takwimu, hilo liwekwe wazi. Alijua mitupo haiingii. Hoja yake ilikuwa nyingine: kwamba msimu una mechi 82, na huwezi kumpima mtu kwa mbili. Pia alileta kitu ambacho wengi tulikuwa hatukijui au tulijifanya hatukijui. Mwezi wa tatu mwaka ule ule, 2022, Westbrook alizungumza hadharani kuhusu hilo jina la utani. Alisema ni jina la familia yake, mtoto wake anajivunia kuliandika, na kwamba imefika hatua familia haitaki hata kuja kwenye mechi. Mke wake naye alieleza vitisho alivyokuwa anatumiwa. Mtetezi aliandika hayo yote kwa kirefu, akamalizia, "Tofali, sawa. Ila tuache jina la mtu."

Nilijibu kwa ile stika ya kofia ya njano.

Halafu ikaja Jumapili ya Portland. Hii ndiyo iliyomaliza kila kitu. Kule ilichezwa mchana, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa nne na nusu usiku, grupu zima liko macho, wengine wako baa, wengine kitandani na bando. Zimebaki sekunde kama thelathini, tunaongoza kwa pointi moja, mpira ni wetu. Mtu yeyote mwenye akili timamu anazungusha mpira, anakula muda. Westbrook akapiga tu. Mapema, bila haraka ya kitu chochote. Tofali. Damian Lillard akaja akatuwekea tatu, LeBron akasawazisha, Jerami Grant akamaliza, 106 kwa 104. Picha za LeBron na Davis kwenye lile tukio, mikono imenyooka kama wanauliza "kwanini?", zilizunguka dunia nzima. Waandishi walipomsogelea LeBron aseme neno kuhusu lile tukio aliona mtego, akakataa kuingia. Sisi hatukuona mtego wowote. Tulikuwa tunashindana nani aandike kitu kibaya zaidi.

Sasa nisiwe mnafiki. Kwenye uchambuzi wenyewe hatukuwa tumekosea. Dada mmoja wa Mbezi kwenye grupu, yule pekee anayesoma namba kabla ya kuongea, alitueleza vizuri: tatizo sio kwamba Westbrook anakosa, tatizo ni kwamba hakuna mpinzani anayeogopa akiwa mbali. Mtu anayemkaba anarudi nyuma, anasimama chini ya kikapu. Davis akipokea mpira anakuta watu wawili. LeBron akitaka kupenya anakuta ukuta. Na washutaji wengine wa kuadhibu hilo hawapo. Timu ilikuwa mwisho kabisa kwenye ligi kwa asilimia ya pointi tatu, wakati ulinzi wetu wiki zile za kwanza ulikuwa miongoni mwa walinzi bora. Yaani ugonjwa ulikuwa unajulikana, hauhitaji daktari bingwa. Na dada alisema kitu kingine tukakipita haraka: "Hili ni kosa la aliyejenga timu. Russ amekuwa hivi tangu Oklahoma." Lakini aliyejenga timu anakaa ofisini amevaa suti, huwezi kumtengenezea stika.

Tukapoteza tano mfululizo. Mechi ya tano, kule Minnesota, Ham akamuanzisha Westbrook benchi. MVP wa 2017, anaingia kama mchezaji wa akiba. Grupu likasherehekea kama tumechukua kombe, na mechi yenyewe tulifungwa. Ajabu ni kwamba akiwa anatokea benchi akaanza kucheza vizuri. Tarehe 30 Oktoba tukapata ushindi wa kwanza, dhidi ya Denver, yeye pointi 18, ribaundi 8, asisti 8. Mtetezi aliandika neno moja tu: "Mnaona?" Hatukuona, au tuliona tukanyamaza.

Naomba niseme kidogo kuhusu mechi ya New Orleans, kwa sababu ni mechi pekee ya kipindi kile ambayo sote tulifurahi pamoja, na kwa sababu ya Matt Ryan. Sekunde moja na kitu imebaki, tuko nyuma kwa tatu, Austin Reaves anarusha mpira kutoka nje, Ryan yuko kona, anageuka anaachia. Imeingia. Tukaenda muda wa nyongeza tukashinda 120 kwa 117. Huyu Ryan kabla ya hapo, kipindi cha korona, alikuwa anapeleka chakula majumbani, na amewahi kufanya kazi makaburini. Mtetezi alipenda ile habari kuliko mechi yenyewe. Alitutumia makala tatu. "Jana anapeleka msosi, leo anawaamsha watu wote hawa Los Angeles." Mwanzoni mwa Desemba Lakers walimkata Ryan, wakahitaji nafasi yake kikosini. Ila Mtetezi hakuwa kwenye grupu tena wakati huo.

Baada ya New Orleans tukapoteza tano nyingine. Utah, Cleveland, Utah tena, Clippers, Sacramento. Marekani walirudisha saa nyuma tarehe 6 Novemba, kwa hiyo mechi zetu zikasogea mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiangalia robo ya mwisho uko kwenye daladala umebanwa mlangoni. Hasira za foleni ya Mwenge zinaingia kwenye hasira za Lakers. Mbili kwa kumi. Wengine wakaanza kusema basi tupoteze zote, mwakani kuna Victor Wembanyama kwenye drafti. Dada wa Mbezi akawakumbusha kwamba New Orleans wana haki ya kubadilishana chaguo letu na lao, urithi wa dili la Anthony Davis, kwa hiyo tukiwa vibonde tunawapikia wao. Hata kufeli hatukuwa na faida nako.

Jumamosi ile baada ya Sacramento nikaandika ripoti. Ndefu kuliko zote. Nilikaa nayo asubuhi nzima, chai ikapoa. Davis 7, LeBron 6, Ham 4. Kwa Westbrook sikuweka namba. Niliandika aya, na mpaka leo naikumbuka kwa kichwa kwa sababu nimeisoma mara nyingi sana baadaye. Niliandika: "Mechi kumi na mbili zinatosha. Kama mtu anajua kazi ungeshaona. Kama hujaona, hajui. Sio suala la muda, ni suala la uwezo. Watu wa hivi wanakula nafasi za watu, waambiwe ukweli watoke."

Makofi. Moto. "Andika kitabu mzee." Kama saa nzima hivi grupu lilikuwa langu.

Saa saba mchana ikatokea ile mistari midogo ya kijivu. Mtetezi amejitoa.

Tulicheka, nisiwadanganye. "Kaenda kumfariji Fundi." "Atarudi Lakers wakishinda." Na kesho yake kweli tukashinda, Brooklyn, Davis kafunga 37, na hakurudi. Mimi nilimtumia ujumbe mmoja, "Oya acha hasira bwana ni mpira tu," na emoji. Tiki mbili za bluu. Hakujibu. Nikaona basi, kanuna, zitamtoka.

Mwezi wa kwanza simu yangu ikajaa. Unajua ile kufuta vitu, video za harusi za watu usiowajua, picha za "asubuhi njema" za mashangazi. Nikafika kwenye chati ya Mtetezi, nikaona sauti aliyonitumia, dakika nne na sekunde kadhaa, Ijumaa ile, siku moja kabla ya ripoti. Niliikumbuka. Niliisikiliza dakika ya kwanza tu nikaiacha, kwa sababu alianza na Westbrook na ulinzi wake kwenye mechi ya Clippers, na nilikuwa kazini, nikajua ni mahubiri yale yale.

Safari hii nikaiacha iende. Dakika ya kwanza, Westbrook. Halafu akakohoa, akasema, "Anyway mwanangu, sikukupigia kwa hilo."

Alikuwa amepata kazi mwezi wa tisa, kampuni moja mjini, mauzo, miezi mitatu ya majaribio. Hilo nilijua, alituletea hadi soda. Kitu nisichojua ni kwamba Alhamisi ile bosi wake alimuita akamwambia asisubiri miezi mitatu iishe. Kwenye sauti alikuwa anaongea polepole, anacheka kidogo pale ambapo hakuna cha kuchekesha. Alisema wamempa eneo ambalo wateja walishachukuliwa na wenzake, alijaribu kulieleza hilo, akaambiwa wiki kumi zinatosha kumjua mtu kama anajua kazi. Alisema mama yake bado hajui. Alisema, "Nilitaka tu kumwambia mtu. Ukipata muda nipigie, sio lazima leo."

Halafu Jumamosi asubuhi akafungua simu akakutana na ripoti yangu.

Nilimaliza kusikiliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, nikaiweka tena, nikaisikiliza tena. Sikumpigia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningeanzia wapi? "Samahani nimechelewa kusikiliza, miezi miwili"? Nikasema nitapiga wikendi. Wikendi ikapita. Nyingine ikapita.

Aliyenisukuma ni Lakers, kusema kweli. Wiki ile ya mwezi wa pili: tarehe 7 LeBron anavunja rekodi ya pointi ya Kareem Abdul-Jabbar, ile 38,387, na hazikupita siku mbili Westbrook kashauzwa Utah. Wakaja D'Angelo Russell, Malik Beasley na Jarred Vanderbilt, na sisi tukatoa chaguo la raundi ya kwanza la 2027. Rui Hachimura alikuwa ameshaletwa mwezi wa kwanza. Grupu lililipuka. Mtu akaandika, "Jamani nani ana namba ya Mtetezi, tumpe pole ya msiba." Nikasoma hiyo nikatoka nje nikapiga.

Alipokea mara ya kwanza. Nikamwambia nimesikiliza sauti. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ile ya Novemba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Duh, mwanangu, ina mtandao mbovu huko kwenu." Nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamuomba msamaha wa ripoti. Akasema haikuwa ripoti peke yake, ilikuwa siku mbaya. Akaniambia anauza raba za mtumba, anachagua Karume alfajiri, anaziosha, anapiga picha anaweka Instagram. Hakusema maisha magumu wala hakusema yamenyooka. Akauliza tu, "Kwa hiyo mmeuza?" Nikasema tumeuza. "Nani kaja?" Nikamtajia. Akafikiri. "Vanderbilt mzuri," akasema. "Anagombea."

Msimu ulivyoisha mnajua. Timu iliyoanza mbili kwa kumi ilimaliza na ushindi 43, nafasi ya saba. Ikaitoa Minnesota kwa shida kwenye mchujo, ikaitoa Memphis, ikakutana na Golden State. Mechi ya sita ilikuwa Jumamosi tarehe 13 Mei, saa kumi na moja alfajiri kwetu, na nilikwenda kuiangalia kwake Tabata. Nililala huko huko kwenye kochi katikati ya magunia ya raba. Mama yake alitutengenezea chai saa kumi na nusu, akatuangalia, akasema nyie wanangu mna matatizo.

Reaves alipoachia ule mpira kutoka katikati ya uwanja kabla ya mapumziko na ukaingia, tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tukashinda 122 kwa 101. Fainali ya kanda. (Denver wakaja kutufunga nne bila, na nani yuko nao, anashuti kona kama yuko nyumbani? Caldwell-Pope. Nilikwambia mkumbuke.)

Lakini mimi asubuhi ile nilikuwa na swali na sikujua niliulize vipi. Maana ukiangalia kwa macho makavu, sisi ndio tulioshinda mjadala. Tulisema timu haiwezi na Westbrook, akatoka, timu ikaweza. Tulikuwa na mtu aliyemtetea muda wote na matokeo yamemkataa. Nikamwambia, "Sasa hili unalionaje? Bila yeye tumefika hapa." Nilitaka aseme tulikuwa sahihi, nadhani. Au nilitaka aseme hatukuwa sahihi, nijisikie vibaya vizuri.

Akasema, "Alikuwa haifai ile timu. Mimi sijawahi kubisha hilo."

"Sasa ulikuwa unabisha nini miezi yote ile?"

Hakujibu. Akachukua simu yake, akatafuta video. Ilikuwa mechi ya Clippers na Phoenix, ya kwanza kwenye mchujo, mwezi wa nne. Westbrook baada ya Utah alikuwa ameishia Clippers, humo humo Los Angeles. Akanipa kwanza namba bila mimi kuuliza: siku ile amepiga mara 19, zimeingia tatu. Tatu! Fundi yuko saiti, nikafikiria, na nikashukuru sikulisema. Halafu akabonyeza. Sekunde za mwisho, Clippers wanaongoza, Westbrook anaruka kati ya watu warefu kuliko yeye anachukua mpira uliokosewa, anachezewa rafu, anaweka zote mbili. Upande wa pili Devin Booker anapenya, anainuka, na jamaa anatokea kama anatoka ukutani, anaufuta ule mpira, na kabla haujatoka nje anaudaka anamgongesha Booker nao ili ubaki wa kwao. Mechi imeisha.

Mtetezi akasimamisha video hapo hapo, mwili wa Westbrook ukiwa bado hewani. Akanikabidhi simu.

"Haya mwandishi wa ripoti," akasema. "Mpe maksi."

Nikaangalia ile picha. Nje kulikuwa kumeshakucha, mtu anapita anauza vitumbua. Nikamwambia arudishe nyuma kidogo, sijaona vizuri.